Athletics: Klabu Iliyouza Mabingwa Wake na Kikosi Chake cha Wakati Wote

Athletics ni moja ya klabu nane zilizocheza msimu wa 1901, msimu wa kwanza wa American League kuwa ligi kuu ya besiboli nchini Marekani. Tangu hapo imekuwa na makao katika miji minne: Philadelphia hadi 1954, Kansas City kuanzia 1955 hadi 1967, Oakland kuanzia 1968 hadi 2024, na West Sacramento tangu 2025, ikisubiri uwanja mpya wa Las Vegas. Imetwaa ubingwa wa World Series mara 9, na ni Yankees ya New York na Cardinals ya St. Louis tu zilizoizidi. Mataji hayo hayakuja moja moja. Matatu yalipatikana kati ya 1910 na 1913, mawili mwaka 1929 na 1930, matatu mfululizo kuanzia 1972 hadi 1974, na la mwisho mwaka 1989. Baada ya kila fungu kikosi kilivunjika, na mara zote chanzo kilikuwa fedha. Ndiyo maana anayekaa kuchagua kikosi cha wakati wote cha Athletics hukuta majina makubwa yamerundikana katika vipindi vilevile vinne.

Historia hii inategemea namna ligi hiyo ilivyoundwa. Katika besiboli ya Marekani klabu haipandi daraja wala haishuki. Nafasi katika ligi ni mali ya mmiliki, naye akiridhiwa na wamiliki wenzake anaweza kuihamishia mji mwingine pamoja na jina, mikataba ya wachezaji na kumbukumbu zote. Mechi ina awamu tisa, na katika kila awamu timu hupokezana kupiga na kulinda. Mrushaji humrushia mpigaji mpira, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Mpigaji akifaulu hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu, na akirudi alipoanzia timu yake huhesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukivuka uzio ukiwa hewani, mpigaji na wenzake waliokwisha kufika vituoni hurudi wote bila kuzuiwa.

Philadelphia na mzee wa tembo mweupe

Klabu ilianzishwa kwa mtaji wa Ben Shibe, mshirika katika kiwanda cha vifaa vya michezo, na kuongozwa na Connie Mack, mdakaji wa zamani aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1862. Mack alipewa hisa, hivyo akawa kocha na mmiliki kwa pamoja. Alikaa benchi akiwa amevaa suti na tai badala ya jezi, akiwapanga walinzi wake kwa kupunga karatasi ya alama za mechi aliyoishika mkononi.

Nyota wa kwanza aliporwa kutoka kwa jirani. Nap Lajoie alihama Phillies, klabu nyingine ya mji huohuo, na mwaka 1901 akapiga kwa wastani wa 0.426 (sehemu ya zamu zake za kupiga zilizoleta mpigo halali), rekodi ya American League ambayo haijavunjwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Pennsylvania ilimzuia kuichezea klabu nyingine ndani ya jimbo, naye akaishia Cleveland. John McGraw, aliyekuja kuwa kocha wa Giants ya New York, aliibeza Athletics kuwa tembo mweupe, yaani mali inayokula fedha bila faida. Mack aliipokea kejeli hiyo na kumfanya tembo kuwa nembo, na klabu ikachukua ubingwa wa ligi mwaka huohuo wa 1902.

Mhimili wa miaka hiyo ulikuwa warushaji. Rube Waddell aliongoza ligi miaka 6 mfululizo kwa idadi ya wapigaji waliotolewa kwa kushindwa kuupiga mpira, wakiwemo 349 katika msimu wa 1904 pekee. Eddie Plank, mtu mtulivu aliyetoka chuo cha Gettysburg, alishinda mechi 284 akiwa na Athletics. Mwaka 1905 klabu ilifika World Series na kufungwa na Giants mechi 4 kwa 1. Katika mechi zote 5 aliyeshindwa hakupata hata mkimbio mmoja.

Mwaka 1909 Shibe Park ulifunguliwa, uwanja wa kwanza wa ligi kuu kujengwa kwa chuma na zege, na mwaka uliofuata yakaanza mavuno. Mack alikuwa amewakusanya vijana wanne wa ndani ya uwanja: Stuffy McInnis, Eddie Collins, Jack Barry na Frank Baker. Magazeti yaliwaita safu ya dola 100,000, kiasi ambacho wakati huo kilionekana cha ndoto. Ubingwa wa dunia ulikuja 1910, 1911 na 1913. Baker alipata lakabu ya "Home Run" baada ya kuuvusha mpira uzio mara mbili katika fainali ya 1911, mara ya pili dhidi ya Christy Mathewson, mrushaji aliyeinyamazisha Athletics miaka sita kabla.

Mwaka 1914 timu hiyohiyo ilifika fainali na kupigwa mechi 4 kwa bila na Braves ya Boston. Lakini pigo zito zaidi lilitoka nje ya uwanja. Federal League, ligi mpya iliyojitangaza kuwa ligi kuu ya tatu, ilikuwa ikiwarubuni wachezaji kwa mishahara mikubwa. Mack hakutaka, au hakuweza, kushindana nayo. Plank na mwenzake Chief Bender walihamia huko. Collins aliuzwa Chicago kwa dola 50,000. Baker aligoma msimu mzima, kisha akauzwa kwa Yankees. Mwaka 1915 Athletics ilishinda mechi 43 na kupoteza 109. Mwaka 1916 ilishinda 36 na kupoteza 117. Ilishika mkia miaka 7 mfululizo.

Kikosi cha 1929

Mack alijenga upya taratibu. Mwaka 1924 alimnunua Lefty Grove kutoka klabu ya ligi ndogo ya Baltimore kwa dola 100,600, na inasimuliwa kwamba zile 600 ziliongezwa ili bei izidi ile Yankees iliyolipa kumpata Babe Ruth. Mwaka huohuo Al Simmons alianza kucheza. Mwaka 1925 waliingia Mickey Cochrane, mdakaji mwenye mbio na hasira, na Jimmie Foxx, kijana wa miaka 17 kutoka mashamba ya Maryland. Kuanzia 1929 hadi 1931 timu hii ilishinda mechi 104, 102 na 107, na kuizima Yankees ya Ruth na Lou Gehrig miaka mitatu mfululizo.

Tarehe 12 Oktoba 1929 ilionyesha nguvu yake. Katika mechi ya 4 ya fainali, Cubs ya Chicago ilikuwa mbele 8–0 Athletics walipoingia kupiga katika awamu ya saba. Simmons alifungua kwa kuuvusha mpira uzio, na wenzake wakafuatana kufika vituoni. Mule Haas alipiga mpira wa juu kuelekea katikati ya uwanja, alikosimama Hack Wilson wa Cubs. Jua likampiga Wilson machoni, mpira ukampita, na kabla haujarudishwa watu watatu walikuwa wamekamilisha mzunguko, Haas akiwa mmojawapo. Wapigaji 15 walisimama mbele ya warushaji wa Cubs katika awamu hiyo moja na kuleta mikimbio 10. Grove akaingia kufunga mechi, na matokeo yakabaki 10–8. Ubingwa ulipatikana katika mechi iliyofuata.

Mwaka 1931 Grove alishinda mechi 31 na kupoteza 4 tu, na Simmons akapiga kwa wastani wa 0.390. Mwaka uliofuata Foxx aliuvusha mpira uzio mara 58. Kwenye vitabu vya hesabu mambo yalikuwa kinyume. Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umefunga viwanda vya Philadelphia, na watazamaji waliozidi 800,000 mwaka 1929 walishuka chini ya 300,000 mwaka 1933. Mikopo ya benki ilidai kulipwa. Simmons na wenzake wawili waliuzwa Chicago kwa dola 100,000 mwaka 1932. Desemba 1933 Cochrane alikwenda Detroit kwa dola 100,000, na Grove na wenzake wawili wakaenda Boston kwa 125,000. Foxx alifuata mwaka 1935 kwa dola 150,000. Ndani ya takriban miaka mitatu minada hiyo ilikuwa imeondoa wachezaji wanne ambao wote waliingizwa baadaye katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown.

Mack aliendelea kukaa benchi hadi 1950, akiwa na umri wa miaka 87 na misimu 50 mfululizo na klabu moja. Kwa jumla alishinda mechi 3,731 na kupoteza nyingi zaidi, 3,948. Wanawe waliweka klabu rehani ili kuwalipa wanahisa wengine, na deni hilo likawashinda. Mwaka 1954 waliiuza.

Kansas City, kituo cha njiani

Mnunuzi alikuwa Arnold Johnson, mfanyabiashara wa Chicago ambaye kabla ya hapo alimiliki Yankee Stadium. Kansas City iliipokea timu kwa shangwe, na watu karibu milioni 1.4 waliingia uwanjani mwaka 1955. Walichokiona ni timu iliyowapelekea Yankees wachezaji wake bora kila mara kwa kubadilishana na wazee na wasiojulikana. Roger Maris aliondoka Desemba 1959, na mwaka 1961 akavunja rekodi ya Ruth kwa kuuvusha mpira uzio mara 61 akiwa na jezi ya New York. Katika misimu 13 ya Kansas City, Athletics haikumaliza hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo.

Johnson alifariki 1960, na klabu ikanunuliwa na Charlie Finley, tajiri wa biashara ya bima. Finley aliwavalisha wachezaji kijani na dhahabu wakati klabu nyingine zilivaa nyeupe na kijivu, na kumweka nyumbu mahali pa tembo. Septemba 1965 alimsajili Satchel Paige, mrushaji aliyetamba na Monarchs ya mji huohuo katika ligi za Weusi, akiwa na umri wa takriban miaka 59. Paige aliketishwa kwenye kiti cha kubembea kando ya uwanja, akiwa na mwanamke aliyevaa sare za uuguzi pembeni yake. Kisha akaingia na kurusha awamu 3 dhidi ya Boston. Ni mpigaji mmoja tu aliyepata mpigo halali, na hakuna mkimbio uliopatikana.

Wakati watu wakicheka vituko, Finley alikuwa akisajili chipukizi: Catfish Hunter, Rollie Fingers na Joe Rudi mwaka 1964, kisha Sal Bando, Reggie Jackson na Vida Blue. Kuanzia 1965 ligi ilianza kugawa chipukizi kwa zamu, klabu dhaifu zikitangulia kuchagua, na Athletics ilikuwa dhaifu vya kutosha kufaidika. Kansas City haikuyaona matunda, kwa kuwa Finley alihamia California baada ya msimu wa 1967.

Oakland: ndevu, mataji na kesi

Mei 1968 Hunter alirusha mechi kamilifu, yaani hakuna mpinzani hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Mwaka 1971 Blue, akiwa na umri wa miaka 21–22, alishinda mechi 24 na kutuzwa kama mrushaji bora na mchezaji bora wa ligi. Mwaka 1972 Finley aliahidi dola 300 kwa kila mchezaji atakayefuga masharubu, na kikosi chenye nywele nyingi kikaishinda Reds ya Cincinnati katika fainali. Mets walifuata 1973, na Dodgers 1974. Wachezaji walipigana wenyewe kwa wenyewe chumbani na kumchukia bosi wao kwa pamoja.

Ubahili wa Finley ndio uliokifungua kikosi. Alishindwa kulipa dola 50,000 alizopaswa kumwekea Hunter kwa mujibu wa mkataba, na Desemba 1974 msuluhishi Peter Seitz akaamua kuwa Hunter ni mchezaji huru. Yankees walimpa zaidi ya dola milioni 3 kwa miaka mitano. Mwaka mmoja baadaye Seitz huyohuyo, katika kesi ya wachezaji wengine, alivunja kifungu kilichomfunga mchezaji kwa klabu moja maisha yake yote. Finley aliona wengine watamponyoka bure. Jackson alipelekwa Baltimore kwa kubadilishana wachezaji, na Juni 1976 Fingers na Rudi waliuzwa Boston kwa dola milioni 1 kila mmoja, na Blue New York kwa milioni 1.5. Kamishna Bowie Kuhn alifuta mauzo hayo kwa hoja kwamba yanaudhuru mchezo. Msimu ulipokwisha, Bando, Rudi, Fingers na wenzao Bert Campaneris na Tenace waliondoka bila klabu kupata hata senti. Mwaka 1979 timu ilipoteza mechi 108, na katika mechi moja ya Aprili walitangazwa watazamaji 653.

Msimu huo mbaya ndio aliojitokeza Rickey Henderson, kijana aliyekulia Oakland. Mchezaji akikimbilia kituo kinachofuata mrushaji anaporusha mpira, bila kusubiri mpigo, husemwa ameiba kituo. Mwaka 1982 Henderson aliiba vituo 130, rekodi ya zama za kisasa ambayo haijaguswa. Ukoo wa Haas, wenye kampuni ya Levi Strauss, uliinunua klabu 1980, ukalipa vizuri na kumrudisha tembo kwenye jezi. Chini ya kocha Tony La Russa timu ilifika fainali 1988, 1989 na 1990, na kushinda ile ya 1989 dhidi ya Giants ya San Francisco, ng'ambo ya ghuba. Tetemeko la ardhi la tarehe 17 Oktoba liliisimamisha fainali hiyo kwa siku 10.

Haas waliuza 1995, na wamiliki waliofuata walibana matumizi. Meneja mkuu Billy Beane aligeuza ufukara kuwa mbinu. Alitafuta wachezaji waliodharauliwa sokoni ambao takwimu zilionyesha wanafika vituoni mara nyingi. Mwaka 2002, kwa mishahara ya takriban dola milioni 40 dhidi ya zaidi ya milioni 120 za Yankees, Athletics ilishinda mechi 103, zikiwemo 20 mfululizo. Kitabu *Moneyball* cha Michael Lewis kiliieneza hadithi hiyo mwaka 2003. Taji halikuja, na Jason Giambi na Miguel Tejada waliondoka kufuata mishahara mikubwa. Baada ya miaka mingi ya mvutano kuhusu uwanja mpya, wamiliki wa ligi waliidhinisha Novemba 2023 kuhamia Las Vegas. Mechi ya mwisho Oakland ilichezwa 26 Septemba 2024 mbele ya watu 46,889, na Texas ilifungwa 3–2.

Kuchagua kikosi cha wakati wote

Kanuni ya kwanza ya zoezi hili ni kuhesabu tu yale mchezaji aliyoyafanya akiwa na jezi ya klabu. Kwa kanuni hiyo Lajoie anaachwa, kwani msimu mmoja wa kilele hautoshi. Ya pili ni kumpima kila mtu kwa zama zake. Kabla ya 1920 mpira ulichakazwa hadi ukawa laini na haukuruka mbali. Baker aliongoza ligi miaka minne mfululizo kwa kuvusha uzio, ingawa hakuzidi mara 12 kwa msimu. Ya tatu ni kupima kilele dhidi ya udumifu, na hapo ndipo wachaguzi huachana.

Nafasi kadhaa hazina mjadala. Mdakaji ni Cochrane, na kituo cha pili ni Collins, aliyepiga kwa wastani wa 0.337 katika miaka yake ya Athletics. Kushoto mwa uwanja ni Henderson, na kulia ni Jackson, aliyeuvusha mpira uzio mara 269. Simmons alicheza zaidi kushoto, lakini katika misimu yake ya mwanzo alilinda katikati. Wastani wake wa 0.356 humfanya mchaguzi amrudishe huko badala ya kumwacha nje.

Kituo cha kwanza kina ushindani. Mark McGwire ndiye mwenye rekodi ya klabu kwa mipigo 363 ya kuvusha uzio, na Foxx ana 302. Foxx alipiga kwa wastani wa 0.339, na McGwire alikiri mwaka 2010 kuwa alitumia dawa za kuongeza nguvu. Foxx huchukua nafasi hiyo, na McGwire huwekwa kuwa mpigaji maalumu asiyelinda, nafasi iliyoanzishwa na American League mwaka 1973. Kituo cha tatu, Baker ana kilele cha juu zaidi, na Bando ana miaka mingi zaidi na unahodha wa mataji matatu. Kwa kuwa Baker naye ana mataji matatu, mizani humwelemea. Kati ya kituo cha pili na cha tatu, Bert Campaneris wa Cuba, mwenye mipigo halali mingi kuliko mwingine yeyote katika historia ya klabu, humtangulia Tejada.

Warushaji ni Grove, Plank, Waddell, Blue na Hunter, na katika watano hao ni Hunter pekee anayetumia mkono wa kulia. Wa kufunga mechi ni Dennis Eckersley, aliyeokoa mechi 320 akiwa Oakland, na Fingers nyuma yake. Kocha ni Mack. Mpangilio wa kupiga huanza na Henderson kwa ajili ya mbio zake, kisha Collins, Simmons, Foxx, McGwire, Jackson, Cochrane, Baker na Campaneris.

Kikosi hiki hubeba pia kasoro ya zama. Hadi 1947 ligi kuu ziliwafungia nje wachezaji Weusi, na Athletics yenyewe haikumchezesha hata mmoja hadi Bob Trice, Septemba 1953. Wachezaji wote wa enzi za Philadelphia waliochaguliwa hapo juu walishindana katika uwanja ambao Paige na Josh Gibson, nyota wa ligi za Weusi, hawakuruhusiwa kuukanyaga. Mwaka 2020 ligi kuu ilizitambua ligi za Weusi za 1920 hadi 1948 kuwa na hadhi sawa, ila takwimu zao ni za klabu zao, hivyo haziwezi kuhamishiwa hapa.

Mgawanyo wa miji uko wazi. Philadelphia imetoa watano kati ya wapigaji tisa na watatu kati ya warushaji watano wa kuanza. Oakland imetoa waliobaki, ingawa Campaneris, Hunter na Jackson walianzia Kansas City, ambayo kwa miaka yake yenyewe haikupata nafasi. Nambari za jezi ambazo klabu imezistaafisha kwa heshima ya wachezaji wake ni za waliong'ara Oakland tu, hivyo kikosi cha wakati wote kimebaki mojawapo ya mahali pachache ambapo pande zote mbili za historia hii hukutana. Jambo moja linawaunganisha wote: hakuna aliyeanza na Athletics na kudumu nayo hadi mwisho. Kila mchezaji aliuzwa, alibadilishwa au aliondoka alipopata uhuru, na ni Collins, Simmons na Jackson tu waliorudi uzeeni kumalizia walikoanzia.